Mgonjwa akisema anaumwa, tumdai ushahidi?

Na Mwalimu wa EDK, Ngara

Leo naomba nianze kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwani anayewanasihi watu huku akificha la kwake bado hajaanza kunasihi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa wilayani Ngara. Katika kidato cha kwanza alikuwapo kijana mmoja mrefu, mwenye miguu iliyojaa. Ukitazama mashavu ya miguu yake ungesema ni mchezaji mpira. Lakini katika mchakamchaka wa asubuhi alikuwa wa mwisho siku zote, na katika swala ya adhuhuri alikuwa akiinuka kutoka kwenye sijda kwa namna iliyoniudhi. Wenzake wameshasimama, yeye bado yuko chini. Anainua kiuno kwanza, kisha anashika magoti kwa mikono, halafu anapanda juu ya mapaja yake mwenyewe kama mtu anayepanda mti, mpaka asimame wima. Safu ya nyuma yote ilikuwa ikijizuia kucheka.

Siku moja nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamwambia kuwa swala si mchezo. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba miguu inamuuma na mgongo unawaka moto. Nikamuuliza: unaumwa wapi, mbona sioni kidonda? Hakujibu. Kuanzia siku hiyo hakusema tena kwamba anaumwa, nami nikadhani nimemrekebisha.

Baada ya muda jamaa zake walichanga nauli, akapelekwa hospitali ya rufaa Mwanza. Wakati huo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa halijafunguliwa, maana lilifunguliwa mwaka 2025, hivyo safari kutoka huku kwetu kupitia Biharamulo na Geita iliishia kwenye foleni ya kivuko. Alirudi na jibu lililoniinamisha kichwa. Damu yake ilikutwa na kiwango kikubwa mno cha kimeng'enya ambacho huvuja pale misuli inapovunjika. Madaktari walisema ana ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli, na dalili zote zinaelekea kwenye aina inayoitwa Becker. Hata ile namna ya kuinuka iliyoniudhi inajulikana katika vitabu vya tiba. Daktari wa Uingereza, William Gowers, aliieleza mwaka 1879, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Daktari akiiona kwa mtoto hushtuka. Mimi niliiona kila siku nikakasirika.

Swali la kujiuliza basi ni hili: mtu akituambia anaumwa nasi hatuoni kitu, je, ni wajibu wake kututhibitishia, au ni wajibu wetu kumuamini?

Ugonjwa wenyewe

Kabla ya kujibu, tuufahamu ugonjwa, kwani dhulma nyingi huanzia kwenye kutojua. Misuli ya mwanadamu inahitaji protini iitwayo distrofini, ambayo kazi yake ni kuilinda isichanike kila inapokaza na kulegea. Wanasayansi waliigundua na kuipa jina mwaka 1987. Mtoto asiyekuwa nayo kabisa hupata aina kali, iitwayo Duchenne, na kwa kawaida hushindwa kutembea akiwa na umri wa miaka kumi hivi au zaidi kidogo. Mwenye nayo pungufu au yenye kasoro hupata aina ya Becker, ambayo huenda polepole. Anaweza kutembea mpaka utu uzima, lakini misuli yake inavunjika kidogo kidogo, na mahali pa nyama iliyokufa hujaa mafuta na makovu. Ndiyo maana mashavu ya miguu huonekana makubwa. Kile nilichokidhani kuwa ni nguvu ndicho kilichokuwa alama ya udhaifu. Mara nyingi moyo nao huguswa, kwa sababu moyo ni msuli.

Maumivu huja kwa njia kadhaa. Yako ya misuli yenyewe, hukaza na kubana baada ya kazi au baridi, na baridi ya alfajiri katika vilima vya Ngara haihitaji maelezo. Yako ya viungo vilivyokakamaa na mgongo unaobeba mzigo usio wake. Na yako ya mishipa ya fahamu, pale inapobanwa na mgongo uliopinda au kwa kukaa sana mahali pamoja. Hapo mtu husikia ganzi, sindano na moto. Yapo pia maradhi mengine ya kurithi yanayoharibu mishipa ya fahamu moja kwa moja.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hatulijui. Maumivu yakidumu muda mrefu, yanaweza kuubadilisha mfumo wenyewe wa fahamu. Mfano wake ni mlinzi aliyeshtuliwa na wezi usiku baada ya usiku. Mwisho wake hupiga kelele hata jani la mgomba likianguka. Ndivyo uti wa mgongo na ubongo vinavyoweza kuzoea kupiga kelele, na mguso mdogo ukawa mateso. Wako watu waliokatwa mguu ambao bado wanaumwa na mguu usiokuwapo, na madaktari wameliandika hilo kwa miaka mingi. Ukimpiga picha mtu wa namna hiyo mahali anapopaonyesha hutaona kitu, naye hasemi uongo.

Asili ya mtoto na lawama za mama

Kwa kuwa ugonjwa huu ni wa kurithi, lawama hutafuta pa kutua, na mara nyingi hutua kwa mama. Kielelezo cha kutengeneza distrofini kimo katika kromosomu ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama yake. Mama anaweza kubeba kasoro hiyo akiwa na afya yake tele. Kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuugua, na kila wa kike ana nafasi hiyo hiyo ya kuibeba. Mara nyingine kasoro huanza kwa mtoto mwenyewe, hakuna aliyemrithisha. Hakuna alichokula mama, hakuna alichokanyaga, hakuna jirani aliyetupa kitu mlangoni.

Kwa kijana wetu, mjomba wake upande wa mama alitembea vile vile mpaka alipofariki, na watu walisema amerogwa. Kijana naye akachanjwa chale. Upande wa baba wakasema damu mbaya imeingia kwenye ukoo wao. Mama wa watu akawa anabeba mzigo wa mtoto kwa mgongo na mzigo wa maneno kwa moyo.

Hapa tukumbuke kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Mtu mmoja wa Banu Fazara alimjia Mtume (s.a.w.) akiashiria shaka juu ya mkewe, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa alikuwa mweusi kuliko alivyotarajia. Mtume (s.a.w.) hakumuuliza habari za mke. Alimuuliza juu ya ngamia wake: wana rangi gani, na je, yumo wa kijivu kati yao? Alipokiri kuwa yumo, akamuuliza rangi hiyo imetoka wapi. Yule mtu mwenyewe akasema huenda ni asili ya zamani iliyovuta. Mtume (s.a.w.) akamwambia basi na kwa mtoto wake huenda ni hivyo hivyo. Tazama hekima hii. Jambo lisiloonekana, lililoanza vizazi nyuma, limetolewa kama sababu ya kumwondolea mwanamke tuhuma. Kutoona sababu kusitufanye tuizue.

Hukumu imekwishatolewa

Sasa turudi kwenye swali letu. Sheria yetu ina mambo ambayo hayajulikani ila kwa mwenyewe. Hedhi ni mojawapo. Allah (s.w.) amewakataza wanawake waliopewa talaka kuficha kilichomo matumboni mwao (Qur'an 2:228), na wanazuoni wakafahamu kutokana na aya hiyo kwamba kauli ya mwanamke katika jambo hilo hukubaliwa. Asingekatazwa kuficha kama neno lake lisingekuwa na uzito. Kanuni ikawa kwamba lisilojulikana ila kwa mtu mwenyewe, hupokewa kutoka kwake.

Maumivu ni ya namna hiyo hiyo. Yana shahidi mmoja tu, naye ndiye anayeumwa. Imran bin Huswayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu swala. Aliambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza aswali kwa kukaa, na asipoweza aswali kwa ubavu (Bukhari). Neno la kuzingatia ni kuweza. Nani anayepima kuweza? Hatukusikia kwamba kuliwekwa mtu wa kumkagua Imran. Mgonjwa alifanywa kadhi wa mwili wake mwenyewe, na hesabu yake iko kwa Mola wake.

Na wale waliojifanya makadhi juu ya mwili wa mwenzao tunajua yaliyowapata. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Jabir (r.a.), mtu mmoja alijeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamuoni kuwa na ruhusa na ilhali maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema kuwa wamemuua, na akaeleza kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Ndugu msomaji, mtu yule alikuwa na jeraha linaloonekana. Itakuwaje kwa mwenye jeraha lisiloonekana?

Ajabu ni kwamba wataalamu wa tiba nao wamefika hapo hapo. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu kilitoa maana rasmi ya maumivu mwaka 1979, na mwaka 2020 kikaifanyia marekebisho. Katika maelezo ya marekebisho hayo wameweka wazi kwamba mtu akieleza kuwa ana maumivu, kauli yake inapaswa kuheshimiwa, na kwamba asiyeweza kusema naye anaweza kuwa na maumivu.

Na waongo je?

Msomaji atasema: mwalimu, wako wanaosingizia. Kweli wako. Mimi ni mwalimu, nimeshaona tumbo linaloanza kuuma kengele ya somo la hisabati inapogongwa. Tena mwenye elimu atanikumbusha vita vya Tabuk. Watu zaidi ya themanini walimjia Mtume (s.a.w.) na nyudhuru zao, akazipokea kwa dhahiri yake, na siri zao akamwachia Allah. Na kuhusu wale walioomba ruhusa ya kubaki kabla ya safari hiyo, Qur'an (9:43) ilimwambia kuwa Allah amemsamehe, na ikamuuliza kwa nini aliwaruhusu kabla ya kumbainikia wakweli na waongo. Je, hiyo si hoja ya kudai ushahidi?

Jibu langu ni kwamba wale walifichuliwa kwa wahyi, na wahyi umekwisha. Sisi tumebakiwa na dhahiri, na mwendo wa Mtume (s.a.w.) katika dhahiri ulikuwa kuipokea. Aidha, pale ni jeshi linaloingia vitani. Hapa ni mtoto anayeomba akae chini.

Kisha tupime hasara. Nikimuamini mwongo, nimepoteza nini? Kijana mmoja hakukimbia mchakamchaka, ndoo moja ya maji haikubebwa, mtu mmoja ameswali kwa kukaa na ataulizwa yeye. Nikimkadhibisha mkweli, nimemuongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na huu wa pili nimeusababisha mimi. Hasara hizi mbili hazilingani. Hata mwenye duka hapa mjini angejua achague ipi.

Kuamini hakuna maana ya kuacha kuchunguza. Daktari humuamini mgonjwa ndipo anampima, na kipimo hutafuta chanzo. Sisi tulikuwa tunapima ili tumkamate.

Watu wa Ngara tuna la kujifunza hapa katika historia yetu wenyewe. Mwisho wa Aprili 1994, nikiwa mtoto mdogo, takriban watu robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa Benaco. Wenyeji waliona majeraha, waliona watoto wamebebwa, na wengi walitoa walichokuwa nacho. Maumivu yanayoonekana tunajua kuyaamini. Mtihani wetu uko kwa yule anayetembea kati yetu na miguu iliyojaa.

Wala tusidhani ni habari ya mtu mmoja na ugonjwa wa nadra. Sikoseli nayo ni ya kurithi, na inafahamika sana katika Kanda yetu ya Ziwa. Inakadiriwa kuwa nchini Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 kila mwaka wakiwa nayo. Leo mtoto anacheza, kesho analia kwa mifupa, keshokutwa anacheza tena, na majirani wanasema anadeka. Na wengi wenye kisukari husikia nyayo zinawaka moto usiku huku ngozi ni nzima. Kila mtaa una mtu wa namna hii.

Subira si kunyamaza

Kuna silaha nyingine tunayoitumia kuwanyamazisha wagonjwa, nayo ni subira. Mtu akisema anaumwa, tunamwambia avumilie, ni kafara ya madhambi. Ni kweli, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba hata mwiba unaomchoma Muislamu huwa ni sababu ya kufutiwa makosa. Lakini habari hiyo ni faraja ya mgonjwa aishike mwenyewe. Haikuletwa ili mwenye afya aitumie kufunga mazungumzo.

Nabii Ayyub (a.s.) ndiye mfano wetu wa subira, naye alimlalamikia Mola wake kwamba dhara limemgusa (Qur'an 21:83). Nabii Ya'qub (a.s.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe, akasema huzuni yake anaipeleka kwa Allah (Qur'an 12:84-86). Mtume wetu (s.a.w.), Bi Aisha (r.a.) alipolalamika kichwa, hakumkemea. Naye alisema kuwa kichwa chake kinauma (Bukhari). Ibn Mas'ud (r.a.) alipomkuta na homa kali, Mtume (s.a.w.) alikiri kwamba homa yake ni sawa na ya watu wawili. Kama kusema kuwa naumwa kungekuwa ni upungufu wa imani, tungemtupia nani tuhuma hiyo?

Na tumeamrishwa kujitibu. Ugonjwa wa Becker hadi leo hauna dawa ya kuuondoa, lakini kuna mengi ya kufanya: mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, kupima moyo mara kwa mara, kiti na fimbo kwa wakati wake, dawa za kutuliza maumivu ya misuli na zile za mishipa ya fahamu kwa uchaguzi wa daktari. Mgonjwa akienda kufanyiwa upasuaji, awaeleze mapema kuwa ana ugonjwa wa misuli, kwa sababu baadhi ya dawa za usingizi ni hatari kwake. Yote haya hayaanzi mpaka mtu wa kwanza, awe mzazi, mwalimu au imamu, amesikia neno naumwa na akaliamini.

Deni langu

Nafundisha darasani kwamba toba ya haki za watu haikamiliki mpaka umwendee uliyemkosea. Nilimwendea kijana yule nyumbani kwao. Nilimkuta amekaa kibarazani, anachambua maharage na mama yake. Nikamwambia nilimdhulumu mbele ya watu, na nimekuja kumuomba radhi, na nitasema mbele ya watu hao hao. Mama yake alitazama chini. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, hata mimi mwenyewe nilishaanza kuamini kwamba ni mvivu."

Ndugu zangu, nimesoma vitabu vingi vya akhlaqi, lakini sijawahi kupewa somo zito kama hilo. Tulimkadhibisha kwa muda mrefu mpaka yule shahidi mmoja aliyekuwapo akaanza kuukana ushahidi wake. Alikuwa akiumwa kila alfajiri, na huku anajilaumu kwa kuumwa.

Nilitimiza ahadi ya kusema mbele ya wenzake. Siku hiyo aliwekewa kiti mwisho wa safu, na hakuna aliyecheka. Kijana bado anatembea kwa fimbo, na moyo wake unapimwa.

Nawaomba maimamu, tukimuona mtu amekaa kitini katika swala, tusimuulize mbona sokoni alikuwa amesimama. Huenda nguvu yote ya siku aliimaliza huko akiwatafutia watoto chakula. Nawaomba walimu wenzangu, kabla ya fimbo tuulize swali moja zaidi. Nawaomba akina baba, tusimuache mwanamke kwa ajili ya asili ambayo hakuichagua, kama sisi tusivyochagua zetu. Na wewe unayeumwa na huaminiwi, sema tena, kwa mtu mwingine, mpaka apatikane wa kukusikia.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, na atusamehe tuliodai ushahidi usio haki yetu.

Wabillahi tawfiq.